"Felt" ya Nils Frahm: piano iliyofunikwa sufu

Siri ya albamu hii ya 2011, yenye vipande 9, imo kwenye jina lake. Frahm, mpiga piano Mjerumani, aliweka sufu iliyoshindiliwa, kwa Kiingereza "felt", kati ya nyundo na nyuzi za piano ili asiwasumbue majirani usiku kule Berlin, kisha akasogeza maikrofoni ndani kabisa ya piano. Sufu hupunguza makali ya noti inapoanza. Maikrofoni nazo hunasa yale ambayo rekodi nyingi huyaficha: nyundo zikirudi, pedali ikigonga, mbao zikilia, hata pumzi za mpigaji. Utulivu wote unatokana na hapo, maana msikilizaji anajikuta amekaa tumboni mwa chombo.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Noti za chini hupotea, zikabaki kelele za mbao tu. Tumia hedifoni za kufunika sikio, zima kiongeza besi, weka sauti ya wastani. Ukiipandisha mno, mvumo wa chinichini unazidi muziki wenyewe. Faili zilizobanwa sana nazo huchafua mikia ya noti.

Anza na "Less". Kama unatafuta usingizi, ishia kabla ya "More", kipande cha mwisho: kina kasi, kitakuamsha.