Walimlinda Baba usiku kucha bila kukimbilia sindano

Idara ya dharura iliyompokea Baba naipa nyota nne kati ya tano.

Baba ana miaka 74 na ametumia diazepamu kwa muda mrefu ili apate usingizi. Usiku ule alimeza kidonge chake, akasahau, akameza tena, kisha akanywa dawa ya mafua, ambayo nayo huleta usingizi. Kwa mzee diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo ya leo inaikuta ya juzi. Nilimkuta anakoroma kwa kukatakata, nikimtikisa haamki. Nikamlaza ubavu, nikakusanya pakiti zote za dawa.

Kabla sijamaliza kueleza, muuguzi alishainua taya lake, akamvuta mate, akamwekea oksijeni na kumpima sukari, maana sukari ikishuka mtu huzimia vilevile. Pakiti zile alizisoma moja moja.

Nikamwuliza daktari kwa ukali, "Si kuna sindano ya kumzindua?"

"Ipo, dada, flumazenili. Ila mwili wa mzee umeizoea diazepamu. Nikiikata nguvu ghafla anaweza kupata degedege. Na sindano yenyewe huisha nguvu baada ya saa moja hivi, diazepamu ikiwa bado imo."

Hasira ilinishika. Niliona kama wanamtazama tu. Lakini yule muuguzi kila mara alirudi, akaweka kiganja kifuani mwa Baba na kuhesabu pumzi dakika nzima, ingawa mashine ya kupima oksijeni ya damu ilikuwa imefungwa kidoleni. Alinieleza kwamba mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kuonyesha namba nzuri kidoleni huku pumzi zinapungua. Hapo nikaelewa kuwa kule kuhesabu ndiyo tiba. Alfajiri Baba aliniita jina. Daktari akatutoa nje ili amwulize peke yake kama alikusudia kujidhuru. Nalo nalishukuru sana.

Nyota niliyoikata ni ya siku ya kuruhusiwa. Tulirudishiwa vidonge vilevile, na hakuna aliyetueleza namna ya kuvipunguza kidogo kidogo, wakati kuviacha ghafla nako ni hatari kwa aliyevizoea. Mpango huo nilirudi kuudai mwenyewe siku ya tatu, na nikaupata. Vidonge sasa vinakaa kwangu. Kila usiku nampa Baba dozi yake mkononi, kisha naandika saa.