Nimeitumia Zotero miaka mitatu kwa makala za Kiswahili

Makala yangu ya methali ilirudishwa mara mbili kabla mtu yeyote hajagusa hoja hata moja iliyokuwamo. Mhariri aliandika mstari mmoja tu: marejeleo hayafuati mtindo wa APA, toleo la saba. Mara ya kwanza nilinung'unika, maana APA nilikuwa nimeifuata, ila ile ya sita niliyofundishwa nikisoma shahada ya pili, ya kuandika "Dar es Salaam:" kabla ya jina la mchapishaji. Toleo la saba, lililotoka 2019, liliuondoa mji. Nilikuwa na vitabu 38, kwa hiyo miji 38 ya kufuta.

Mara ya pili nikaona heri nilipe. Jirani na chuo kuna steshenari, kijana anaprinti, anabaindi, na ukutani kabandika karatasi kwamba anapanga marejeleo pia. Nikampa elfu thelathini. Kesho yake nikapokea orodha inayopendeza kwa mbali, alfabeti imenyooka, ila kwenye herufi D walikuwa wamekaa watu wanne ambao jina lao la ukoo ni "Dkt."

Mwalimu mwenzangu wa isimu, binti niliyemzidi miaka kumi na kitu, alinikuta ofisini nikiwahamisha hao madaktari mmoja mmoja. "Dada, mpaka leo unafanya kwa mkono? Si uweke Zotero?"

Nikaweka. Ni programu ya bure ya kutunza vyanzo na kupanga marejeleo. Ilianza 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na jina lake limetoka kwenye neno la Kialbania la kulimudu jambo. Unapakua vitu viwili: programu yenyewe, na kiendelezi cha kivinjari ambacho ukiwa kwenye ukurasa wa makala unakibofya, basi taarifa zote za makala hiyo zinaingia kwenye maktaba yako. Ndani ya Word nako kunatokea kichupo chake. Ukiwa na DOI, namba ya utambulisho wa makala, au ISBN, ya kitabu, unabofya alama ya fimbo ya kichawi, unabandika namba, na mwandishi, mwaka, jarida, juzuu na kurasa vinakuja vyenyewe. Siku ile ya kwanza nilibadili mtindo kutoka APA kwenda Chicago nikaona orodha yote inajipanga upya mbele ya macho yangu. Nikairudisha APA. Nikaenda Chicago tena. Kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Bando halili sana. Ukishaingiza vyanzo unaandika bila intaneti; bando unalihitaji kuvuta taarifa na kuoanisha na akaunti yako. Nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300, na ukipenda PDF zilizoskaniwa kama mimi zitajaa mapema. Lakini hesabu hiyo ni ya mafaili tu, taarifa za vyanzo haziguswi. Mimi nimezima uoanishaji wa mafaili, PDF ziko kwenye kompyuta na nakala kwenye diski ya nje. Asiyetaka shida hiyo, GB 2 ni dola 20 kwa mwaka.

Sasa tuje kwetu, maana maelezo mengi ya Zotero niliyoyasoma yameandikwa na watu ambao vyanzo vyao vyote ni vya Kiingereza.

Programu hii inamgawa mwandishi sehemu mbili, jina la ukoo na majina mengine. Taasisi haina ukoo. Nilinakili rekodi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kutoka mahali fulani bila kuikagua, na kwenye orodha nikakuta mwandishi anaitwa "Kiswahili, T. ya U. wa". Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akafungua mlango kuangalia kuna nini. Dawa yake ni kitufe kidogo pembeni ya jina kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Ukiandika humo "Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili" haliguswi tena. Kitufe hichohicho ndicho kitakachomwokoa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye mahali pake ni herufi N, wala si T kama rekodi nyingi za mtandaoni zinavyomweka. Kwa majina matatu ya kwetu, ya mtu, baba na babu, hakuna kitufe cha kukuamulia. Amua mwenyewe lipi ni la ukoo, kisha usibadilike, la sivyo mtu mmoja atageuka wawili kwenye orodha.

La pili lilinichukua muda zaidi kulielewa. Nikiwa kwenye Chicago, makala yangu mwenyewe ilitoka hivi: "Dhima Ya Methali Katika Malezi Ya Watoto". Ya, Ya, Katika, herufi kubwa kila mahali! Kumbe kosa langu. Kila rekodi ina kisanduku cha lugha, na kikiwa kitupu programu inachukulia kwamba kichwa ni cha Kiingereza na kukipandisha herufi kubwa kwa kanuni za Kiingereza. Ukiandika "sw" humo, kichwa kinaachwa kama ulivyokiandika. Herufi mbili tu. Nilikaa Jumamosi nzima na chai ya tangawizi nikijaza "sw" kwenye rekodi mia mbili na ushee, mpaka nikagundua naweza kuzijaza mara tu ninapoziingiza.

Kisha maneno ya mtindo wenyewe. Ukiacha lugha ya mtindo iwe Kiingereza, utapata "et al.", "In", "Eds.", wakati majarida yetu yanataka "na wenzake", "Katika", "Wah." Mimi humaliza kila kitu, natoa nakala ya makala, kwenye nakala hiyo nakata uhusiano wa manukuu na Zotero, ndipo nabadilisha neno moja moja. Msibadilishe yote kwa mkupuo. Mimi niliamuru "In" iwe "Katika" kila ilipo, na kile chuo cha Marekani kinachochapa vitabu vya fasihi ya Afrika kikawa "Katikadiana University Press".

Na mkiandika wawili, kubalianeni kwamba hakuna anayesahihisha orodha ya mwisho kwa mkono ndani ya Word. Mwenzangu alishinda usiku akirekebisha nukta na mikato, asubuhi mimi nikabofya kitufe cha kuhuisha, kazi yake yote ikafutika. Hakunisemesha siku mbili. Marekebisho yanafanywa kwenye rekodi, ndani ya Zotero, yakatiririka yenyewe.

Vyanzo vya zamani ndivyo vinavyobaki kwa mkono. PDF iliyoskaniwa kama picha haina maandishi ya kusomwa, na tasnifu ya 1987 iliyoko rafu ya juu maktabani haina DOI. Hizo unachapa mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku, ila unachapa mara moja tu maishani.

Naipa nyota nne. Makala ya methali ilipita ukaguzi wa marejeleo safari ya tatu, ikaenda kwa wapitiaji, nao sasa wanabishana na sura ya pili.