Mtulinga uliovunjika na risiti zilizokosekana: uzoefu wangu katika Mahakama ya Madai Madogo

Mtulinga wangu wa kushoto ulivunjika karibu na Gilgil, matatu tuliyopanda kutoka Nakuru ilipogonga lori kwa nyuma. Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miezi mitatu sikuweza kushona hata pindo la sketi. Naandika haya kwa ajili ya abiria mwenzangu ambaye leo mkono wake umefungwa shingoni na simu ya kampuni ya bima imeanza kulia.

Yangu ililia wiki ya tatu. Nilipwe shilingi 60,000, nitie sahihi, tuyamalize. Hospitali ilikuwa inanidai, na kusema kweli nilikuwa karibu kukubali. Shemeji yangu ndiye aliyenizuia: ukishatia sahihi hati ile umefunga dai, hata mfupa ukija kuunga vibaya. Na wangu ukaunga vibaya kweli. Hadi leo bega huchoka ikifika alasiri.

Nilikwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hapa Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Mimi nilimchukua wakili, kwa kuwa upande wa pili ulitaka kunibebesha sehemu ya lawama kwamba sikufunga mkanda. Mkanda wa kiti changu ulikuwa umekatika, na abiria aliyekaa nami alikuja kulisema hilo mbele ya mwamuzi. Lawama yote ikabaki kwa dereva na mwenye gari. Hao ndio unaowashtaki. Kampuni ya bima hulipa baadaye, mradi ijulishwe kesi kabla ya kufunguliwa au ndani ya siku 30 baadaye. Jina la mwenye gari tulilipata NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa shilingi 550.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo hakuna aliyenieleza mapema. Fidia ina mafungu. La kwanza ni la maumivu na ulemavu, nalo halina bei iliyoandikwa mahali. Wakili anatafuta hukumu za zamani za watu walioumia kama wewe, upande wa pili unaleta zake zenye viwango vya chini, na mwamuzi anapima, akizingatia pia jinsi thamani ya shilingi ilivyoshuka tangu hukumu hizo. Kwa hiyo ripoti ya daktari ndiyo moyo wa kesi. Fomu yangu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ilisema tu kwamba nimevunjika. Ripoti ya daktari ilieleza mfupa ulivyounga ukiwa umepinda na mkono unavyoshindwa kupanda juu ya bega. Nililipa 6,500 kwa ripoti hiyo, na sijawahi kulipia karatasi yenye faida kama ile. Nilipewa 420,000.

Fungu la pili ni la gharama ulizotoa mfukoni, na hapa sheria haina huruma: kila shilingi itajwe kwenye dai na ithibitishwe kwa karatasi. Risiti zangu zilifika 41,300, nikarudishiwa zote. Teksi za kwenda kliniki, ambazo sikuomba risiti hata moja, sikupata kitu.

Kilichoniuma zaidi ni mapato. Nilidai 90,000 za miezi mitatu bila kazi nikapata sufuri. Wateja wangu hunilipa pesa taslimu na sikuwa na daftari la oda. Mwamuzi aliniambia kwa upole kwamba anaamini nilikuwa nashona, lakini hana cha kushika. Sikulala usiku ule. Kazi ya mikono ya miaka 11 ilikuwa haijaandikwa popote! Fundi, mama mboga, kinyozi, tafadhali pokeeni hata nusu ya malipo kwa M-Pesa, kwa sababu taarifa yake inakubalika kama ushahidi.

Mahakama yenyewe naisifu bila kusita. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 na yangu iliisha siku ya 57. Nilitoa ushahidi kwa Kiswahili, nikasikilizwa hadi mwisho. Bima ilichelewa wiki sita baada ya hukumu, wakili akawaandikia mara mbili, kisha pesa zikaingia pamoja na riba. Siku hiyohiyo nililipa deni la hospitali, na kesho yake nikanunua daftari la oda.