Domeini ya nyumba ya wageni: ipi ununue, ipi uiache

Dada yangu ana nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar. Huifunga wakati wa masika. Mwaka jana alipofungua mwezi wa Sita, tovuti ilikuwa haipo na baruapepe za wageni hazimfikii. Domeini, yaani anwani ya tovuti, ilikwisha muda Aprili. Fundi aliyetengeneza tovuti aliisajili kwa jina lake na baruapepe yake, kisha akahamia Muscat; ilani zote zilikwenda kwake. Ndiyo maana katika orodha hii naanza na jina la mmiliki, bei baadaye.

Ya kwanza kwangu ni .co.tz, ya Tanzania, kwa msajili wa hapa nchini aliyeidhinishwa kuuza .tz. Unalipa kwa shilingi, na ukikwama unampata mtu wa kusema naye Kiswahili. Hoteli zina .hotel.tz pia, ila wageni hawajaizoea, naiweka chini kidogo.

Ya pili ni .com. Anayetegemea wageni wa Ulaya aipandishe iwe ya kwanza. Unaweza kuilipia hadi miaka 10 kwa mpigo. Uliza bei ya kuhuisha, maana ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Na kadi uliyoiweka ikiisha muda, malipo ya kila mwaka hayapiti.

.xyz, .online na wenzake ni za bei rahisi mwanzoni. Mwaka wa pili bei inaweza kupanda mara kadhaa. Sizipendekezi.

Ya mwisho kabisa ni ile ya “bure” ndani ya kazi ya fundi. Usiipokee mpaka uone jina lako kwenye sehemu ya mmiliki, na baruapepe yako. Baruapepe hiyo isiwe ya domeini hiyo hiyo: ikizimika domeini, na ilani zimezimika.

.com ikishafutwa baada ya kuisha muda, zipo siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 ambazo haikomboleki tena, halafu yeyote anaichukua. Dada aliiwahi yake ndani ya zile 30. Ilibidi kwanza tumtafute fundi kwa WhatsApp, alipe yeye, ndipo aihamishie kwa dada.

Siku hizi dada hulipa Februari, nyumba ikiwa bado na wageni. Kulipa mapema hakumpotezei siku. Mwaka mpya huongezwa juu ya tarehe ya zamani.