Binti: msichana aliyebeba udongo wa kwao mpaka sayari nyingine

Assalam aleikum watu wangu, niko hapa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, hiyo mnayoiona nyuma yangu ni meli inaingia Kilindini, na nimekuja hapa makusudi maana kitabu cha leo kinaanza na msichana anatoroka kwao usiku akapande meli, ila si ya maji, ni ya kwenda sayari nyingine.

Kinaitwa Binti, ameandika Nnedi Okorafor, kilitoka 2015 kikachukua Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi, na Binti ndio jina la huyo msichana. Ana miaka 16, ni wa kabila la Wahimba, hesabu anazijua mpaka basi, amepata nafasi Chuo cha Oomza, yani sayari nzima ni chuo, na hakuna Mhimba aliyewahi kwenda. Kwao hawataki. Sasa meli yenyewe ni kiumbe hai, ina umbo la kamba! Kamba huyu huyu tunayemla wa nazi. Halafu njiani wanavamiwa na viumbe wanaitwa Meduse, wafikirie kama yavuyavu wale wanaowasha ukiwa baharini, ila hawa wakubwa, wana akili na wana kisa chao, hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Lakini kilichonishika zaidi ni otjize. Ni udongo mwekundu unachanganywa na mafuta, wanawake wa Kihimba wanajipaka mwilini na kwenye nywele, na Wahimba wapo kweli, Namibia. Binti amebeba kikopo chake, watu wanamdharau, kuna mama anamshika nywele bila ruhusa kama anagusa kitambaa dukani, niliskia uchungu wallahi. Mimi nilipoenda chuo bara mamangu alinifungia udi kwenye leso, nikawa nafungua begi nanusa tu, sichomi, naogopa utaisha. Binti naye kila saa anaangalia kikopo kimebaki kiasi gani, na huo udongo ndio unakuja kugeuza hadithi, siwaambii vipi.

Sasa kurasa hazifiki 100, kwa hivo sayari yenyewe tunaiona mwishoni tu, na watu na Meduse wanapatana upesi mno, baada ya damu yote ile mi sikuridhika. Kuna cha pili cha 2017, hapo anarudi kwao.

Kiingereza chake chepesi, mtoto wa miaka 13 anakiweza, ila mzazi soma wewe kwanza zile kurasa za melini, kuna mauaji mabaya, mdogo wangu nimemwambia asome mchana.