Kuskani makaratasi ya zamani Makoroboi: skani safi, laminesheni kataa

Kuna stationari moja maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza, jina naliacha maana nawasifia na kuwalaumu humu humu, ila kwenye kuskani nyaraka kuukuu wako vizuri sana. Nilipeleka makaratasi ya marehemu babu, kadi ya ushirika na risiti za pamba za enzi za Victoria Federation, ile ya wakulima wa kanda ya ziwa iliyoanza 1955. Jamaa hakuzipitisha kwenye mashine ya kuvuta yenyewe, aliweka moja moja kwenye kioo, na kabla ya hapo akatoa pini zenye kutu taratibu kabisa, maana kutu nayo inakula karatasi jamani. Skani za rangi, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), saini zilizofifia zinasomeka. Mia tano kwa ukurasa, halali yao.

Shida ni dada wa kaunta, kila ukishika karatasi "nikupigie laminesheni kaka?" Aisee kataa. Ile plastiki inashikishwa kwa moto na gundi, ikishashika huitoi bila kuchana, na karatasi ya zamani ina asidi yake ndani kwa hiyo unakuwa umeifungia humo iendelee kujila yenyewe, njano juu ya njano mpaka inakatika. Kitambulisho cha kazini sawa, risiti ya babu hapana. Wamarekani wenyewe Azimio lao la Uhuru la 1776 hawajalibandika plastiki, wameliweka kwenye kasha lililojazwa gesi ya argoni ili oksijeni isilifikie, na taa wamefifisha. Na pamoja na yote hayo wino umeshapauka, sababu mojawapo ni kwamba kuanzia 1841 hadi 1876 lilikuwa limetundikwa ukutani linatazamana na dirisha. Sasa wewe uliyetundika cheti cha ubatizo cha bibi sebuleni jua la saa kumi linakipiga, sijui unategemea nini.

Mafaili wanayouza pale pia sikuyapenda, yale ya plastiki laini yenye harufu kali, yakipata joto yananata na kung'oa maandishi. Nikaulizia bahasha zisizo na asidi wakaniangalia kama nimeagiza sato duka la dawa. Basi nimeweka kwenye bahasha za karatasi nyeupe, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje, maana sisi wa karibu na ziwa unyevu tunao na mchwa hawaombi ruhusa.

Halafu mwambie yule jamaa wa skani akupe na TIFF, faili la picha lisilopunguza ubora, usipouliza anakupa PDF iliyobanwa ukikuza tu inakuwa ukungu. Nenda asubuhi, msimu wa maombi ya mikopo wanafunzi wanajaa mpaka barazani, na flashi beba yako, za kwao bei si ya kitoto.