Dokta mzuri, mzani bubu

Zahanati ninayoisema ni ya mtu binafsi, iko Ngamiani hapa Tanga, na jina nalihifadhi kwa sababu dokta wake ni mteja wangu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Tunatibiwa hapo mwaka wa tano sasa, mimi, mke wangu na wajukuu wawili.

Sifa kwanza. Pasafi, majibu ya malaria yanatoka hujamaliza kusoma matangazo ukutani, na dokta hakuandikii rundo la dawa ili dirisha lake liuze. Ukiwa mtu mzima anakuamkia: "Shikamoo fundi, Makorora hawajambo?" Foleni ya Jumatatu inachosha, nenda baada ya alasiri.

Kasoro ni mzani. Upo, na ni mzima. Kila ukienda nesi anakupandisha, anaandika kilo kwenye daftari lako, unaingia kwa dokta. Ramadhani iliyopita nilikuwa natafuta jina la dawa ya zamani ya goti, nikalipekua daftari lote. Kilo 84. Kurasa chache mbele, 88. Kisha 91, 95, 97. Miandiko ya manesi watatu, wino wa buluu na mweusi, na chini ya kila namba dokta kaandika nilichokwenda kulalamikia: goti, kifua, goti, presha, goti. Dawa ya maumivu ni ile ile: diklofenaki, diklofenaki. Kilo hazikupigiwa hata mstari.

Mjukuu wangu wa sekondari akanifanyia hesabu: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi ni mita 1.64. Ikatoka 36. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kumbe hata na zile 84 za mwanzo nilishavuka 31, na mtu hakunena.

Nikaenda na daftari. "Dokta, mbona hukuniambia?"

Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani. Akasema mgonjwa anakuja na goti, nje wamekaa watu ishirini, dakika zote zinaishia kwenye goti. Tena mtu unayemwona kila mara humwoni akinenepa, kama usivyomwona mwanao akirefuka. Na akishamwambia apungue, atampa nini? Goti lina kidonge dirishani, kilo hazina. La mwisho alilisema kwa shida kidogo. Kuna mama alimwambia kwa upole kabisa, akajibiwa, "We dokta, unanionea kijicho?" Akahama na familia nzima. Mjini hapa ukinawiri unaambiwa maisha yamekukubali. Ukipungua wanaanza kunong'ona una ngoma, yaani UKIMWI. Aliyekuwa mtu mzima miaka ya tisini anajua mnong'ono ule ulivyokuwa ukiuma.

Nilimwelewa, lakini si kwa yote. "Fundi, kilo zinapanda" ni maneno matatu, hayamalizi dakika. Na mkanda wa presha je? Miaka yote wamenifunga ule mdogo mdogo kwenye mkono wangu huu kama mchi, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kuliko ilivyo. Siku hiyo akatafuta mkanda mpana kabatini. Namba ikashuka, ingawa presha yenyewe ipo, sidanganyi.

Tulikaa nusu saa, na ile nusu saa ndiyo inayoipa zahanati hii nyota ya tatu. Kumbe kila kilo moja inayotoka mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kumbe nikipunguza hata kilo tano hadi kumi tu, presha na sukari huanza kutulia. Mambo haya nilikuwa nayalipia miaka yote bila kupewa. Sasa mahamri ya asubuhi ni mawili, nazi kwenye maharage inaingia siku moja moja, na baiskeli nimeitoa stoo, kwenda kibandani na kurudi. Jana nesi kaandika 93.

Ila kwa haki niseme na langu. Dokta ananiletea suruali zake. Ya kwanza nilimkata kiuno inchi 37. Tangu hapo kila mwaka nafumua mshono wa nyuma, natoa inchi moja, nyingine inchi na nusu, napiga pasi, nanyamaza. Yeye akivaa anafurahi: "Fundi, za kwako hazibani kamwe!" Nami nacheka naye. Mteja humwambii hayo, atakwenda kwa fundi wa barabara ya pili.

Wiki iliyopita kaja na ile ya kijivu. Nikaigeuza, nyuma hakuna tena akiba ya kitambaa. Nikamzungushia futi kamba pale pale, nikasoma kwa sauti ya chini ili vijana wa kwenye vyerehani wasisikie.

"Arobaini na tatu, dokta."

Alitazama barabarani kidogo. "Iandike," akasema.